Shingo ya Gitaa la Kwaya

Baba hakujua kupima nafasi. Mali zote za kwaya yetu pale Chemchem, Tabora, mabenchi, ngoma, hata masufuria ya sikukuu, aliziandika kwa rangi ya mafuta: MALI YA KWAYA. Kila mara alianza na herufi kubwa za kujidai, akifika mwisho A inakosa pa kukaa. Basi anaipachika pembeni, imelala. Wanawe tulimcheka, naye alijibu kwamba mwizi hasomi mwandiko.

Gitaa la besi tulilonunua Mwanza ndilo kitu cha mwisho alichokiandika, nyuma ya shingo, akiwa tayari mgonjwa. Hakufika Pasaka. Besi nikairithi mimi, na kila nilipopiga, dole gumba lilipita juu ya maandishi yake. Hata wakati wa mahubiri nilikuwa naipapasa ile A.

Lakini kiangazi cha Tabora hakina adabu kwa mbao. Shingo ilipinda, nyuzi zikainuka mpaka kuzibonyeza ikawa kazi ya kukamua blanketi. Masoprano walisema besi inalia kama mbuzi, na walisema kweli. Waranti ilikuwa bado haijaisha, kwa hiyo kwaya ikanituma Mwanza.

Nilipanda treni na gitaa mgongoni. Babu zetu walizipita nchi hizi na pembe za ndovu mabegani. Mimi na besi mbovu. Tulipofika Bukene nilichungulia dirishani, nikakumbuka tulivyokwenda kuimba harusini pale, baba kajitwika spika kichwani na hataki mtu amsaidie. Nilicheka peke yangu, kisha nikashikwa na huzuni mpaka treni ilipoondoka.

Fundi wa dukani, binti mwenye heshima zake, alinipa shikamoo, akalitazama gitaa kwa jicho moja kama mtu anayelenga.

"Hii hainyooki tena, mzee. Waranti inaruhusu, tunakufungia shingo mpya leo hii."

"Na ya zamani?"

"Inabaki kwetu. Lazima irudi kiwandani."

Nilimwonyesha maandishi. "Huu ni mkono wa marehemu baba yangu."

"Pole sana, mzee. Lakini ukiichukua, waranti haipo."

Nilikaa pale dukani muda mrefu. Niliumia, na nilitamani nilibebe gitaa langu nirudi nalo lilivyo. Ila halikuwa langu. Baba mwenyewe alikuwa ameandika ni la nani. Nikaiacha shingo.

Gitaa lilirudi na sauti nzuri, na sikulipenda. Shingo ilikuwa laini mno. Siku ya mazoezi wenzangu wakaniletea kopo la rangi na brashi, maana kwetu chombo kisichoandikwa hakipigwi ibadani. Nilipima kwa rula, nikaandika taratibu, herufi zote zikaenea vizuri.

Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyeimba na baba tangu ujana wao, alivaa miwani akasogea kutazama.

"Umekosea, mwanangu," alisema. "A yetu haikai hapo."

Hakuna aliyecheka. Nilichukua kitambaa, nikaifuta ile A kabla haijakauka, nikaiandika upya pembeni, imelala.