Gesi ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kijiji chetu, kule Kaisho, alikuwa na tumbo la mtu aliyekula zamu yake na ya jirani. Mradi wa gesi ya samadi ulipokuja, miaka ile ya kupanga foleni ya sukari, shimo likachimbwa wapi? Nyuma ya jiko lake! Eti ndiye mwenye ng'ombe wengi. Sisi wengine tukaambiwa tupeleke samadi yetu huko, na gesi ikishajaa mabomba yatafika kila nyumba.

Mama yangu akaamini. Moshi wa kuni ulikuwa umemla macho, na mganga wa zahanati alimwambia wazi kwamba akiendelea hivyo atapofuka. Basi kila asubuhi akabeba kikapu cha samadi ya ng'ombe wetu mmoja kwenda kwa yule bwana. Kwetu samadi ndiyo chakula cha migomba. Mtu akikupa samadi, amekupa ndizi zake.

"Mama, kibanja chetu cha migomba kitakufa," nikamwambia.

"Kibanja kitafufuka. Macho hayafufuki."

Mabomba hayakuja. Gesi ya kijiji ikachemsha chai ya mwenyekiti. Halafu lile tope lililobaki shimoni, mbolea ya nguvu, akalimwaga kwenye migomba yake mwenyewe! Mikungu yake ikahitaji miti ya kuegemea, yetu ikawa vidole vya mtoto. Ptuu! Hata mwizi wa kuku ana haya, huja akinyata.

Mwishowe Mama akachoka, akamwaga kikapu chake kibanjani. Wanawake wenzake wakamfuata, gesi ikafifia. Mwenyekiti akaja mbio, bila hata shikamoo kwa mwanamke wa umri wa mama yake.

"Mbona mnahujumu maendeleo?"

"Karibu jikoni tuongee," Mama akamjibu, huku akipuliza kuni mbichi.

Akainama, akaingia na hotuba yake. Haikufika mbali. Alikohoa, machozi yakamtiririka, mheshimiwa mzima akawa anapapasa ukuta akitafuta mlango.

"Kaa, mwanangu," Mama akasema. "Mimi nimekaa humu tangu nilipoolewa."

Akatoka mbio, kofia ikabaki jikoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lo, jitu zima!

Mama hakucheka. Alikuwa bado ameuelekeza uso pale alipokuwa amesimama yule bwana.

"Mwanangu," akaniuliza, "ameshatoka?"