Sufuria la Masizi na Mto Uliohama

Kuna mwaka niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu chote cha shule ya jioni, kwamba mto wetu umehama. Sisemi kukauka. Umehama, kama mpangaji anavyofungasha vitu vyake. Habari zilisema mtoni mlikuwa na nyoka mnene kama pipa la dizeli, yeye ndiye aliyekuwa akiyashikilia maji, na sasa amekasirika akaondoka nayo kuelekea ziwani, kwa sababu mwanamke mmoja alichovya sufuria la masizi kisimani. Mtu mmoja aliapa kwamba alimwona nyoka huyo akivuka barabara ya lami pale Nyalikungu, magari yakasimama tangu asubuhi mpaka mchana yakisubiri mkia umalizike kupita. Niliamini hata mkia.

Mwanamke aliyetajwa alikuwa mama yangu mdogo.

Mto wetu, huku pembeni ya Bariadi, si mto wa kuogelea mwaka mzima. Mvua zikikatika, maji ya juu yanapotea, unabaki mchanga mweupe, mpana kama uwanja wa ndege. Hapo tunafukua shimo la kufika kiunoni, tunakaa tunasubiri maji yajikusanye, tunachota kwa kopo na kumimina kwenye ndoo. Hicho ndicho kisima chetu. Kila kiangazi tuliishi hivyo, sisi na ng'ombe wetu, tangu enzi za babu zangu. Mwiko ulikuwa mmoja tu: sufuria lililotoka motoni lisiguse maji ya kisima. Na mwiko huo tuliulinda kuliko tulivyolinda kitu kingine chochote, nitakwambia kwa nini nasema hivyo.

Mwaka ule tulifukua kiunoni, hakuna. Tukafukua kifuani, hakuna. Mchimbaji akazama mpaka tukawa tunaona kofia yake tu, naye akatupigia kelele kutoka chini kwamba amefika kwenye udongo mgumu, mkavu kama kigae. Ndipo mtu akakumbuka kwamba alimwona mama mdogo akitoka mtoni na sufuria jeusi.

Mkutano ukaitishwa. Mama mdogo akasimama akasema, "Nililibeba. Sikulichovya." Mimi, kwa kuwa ndiye msomi, nikakabidhiwa kalamu, nikaandika azimio kwamba asichote maji kwenye kisima chochote cha mto ule mpaka nyoka arudi. Nikalisoma kwa Kiswahili, nikalirudia kwa Kisukuma, nikaongeza maneno mawili ya Kiingereza yaliyonyamazisha hata mbwa. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma kweli, mwanangu," akasema. "Ulipokuwa hujasoma ulikuwa unaniuliza kwanza."

Kuanzia kesho yake akawa anakwenda mto wa pili, nyuma ya vilima. Anatoka alfajiri, anarudi saa nne, ndoo kichwani, mkono mmoja gotini kila akipanda mwinuko. Njia yake ilipita mbele ya mlango wangu. Nilikuwa nikimwona anakuja, nakumbuka ghafla kwamba nina kazi uani.

Sasa niache nikasirike kidogo, maana hasira hii bado ninayo. Miezi ile ile tuliyokuwa tukimhukumu mama mtu mzima kwa ajili ya masizi, matipa yalikuwa yakishuka mtoni kila siku ya Mungu. Yanapakia mchanga, yanaondoka, yanarudi. Yalikuwa yanavuja oili, mstari mweusi kutoka ukingo huu mpaka ule. Wapakiaji waliosha chepe zao humo humo, na miti ya kingoni waliikata ili gari lipate njia. Tipa likikwama, unadhani tuliitisha mkutano? Tulikwenda kulisukuma. Kijiji kizima, tunaimba. Mimi mwenyewe nilisukuma siku moja kwa nguvu ambazo nina uhakika zilifikisha gari lile Maswa bila dereva kuwasha injini. Wala sikujiuliza, na cheti changu, nyoka gani huyo mwenye kukimbia sufuria na kuvumilia tipa. Mto ulikuwa na walinzi mia dhidi ya mwanamke mmoja, na dhidi ya chepe haukuwa na hata mmoja. Nikiyasema haya mkutanoni siku hizi wananiambia nina kelele. Ninazo. Lakini siku ya azimio nilikuwa nazo zaidi, na walinipigia makofi.

Imani yangu ya nyoka iliisha hivi. Nilikuwa napiga plasta nyumba yangu, nikaagiza mchanga. Tipa likaja asubuhi, dereva akamwaga, akashuka akifuta mikono kwa kitambaa. Wakati huo huo mama mdogo akawa anapita na ndoo yake. Safari hii sikupata nafasi ya kukimbilia uani.

"Mwangaluka, mayu," dereva akamwamkia mama kwa Kisukuma, kwa heshima. "Maji hayo unayatoa wapi na jua hili?"

"Mto wa pili, baba. Wa hapa nimeufukuza."

"Umeufukuza kwa kitu gani?"

"Kwa sufuria. Muulize huyo, ndiye aliyeandika."

Dereva akanigeukia. Nikamweleza yote kwa sauti ya mkutanoni: nyoka, masizi, Nyalikungu, mkia. Alisikiliza ameegemea tairi, hakucheka.

"Mzee, nasikia wewe umesoma."

"Cheti kipo ukutani."

"Ukuta huu ninaouletea mchanga?"

"Huu huu."

Akamtua mama mdogo ndoo, akaiweka kivulini, kisha akapiga teke dogo ile chungu ya mchanga mweupe iliyokuwa katikati yetu.

"Mzee, hakuna nyoka. Maji ya kiangazi yanakaa ndani ya mchanga. Sisi tumeupakia mpaka tukafika kwenye udongo, ndiyo maana mnafukua hamyakuti. Huu hapa ndio mto wenu. Mama huyu hakufanya kitu."