Mtu wa Ishirini

Arlys Tjaden aliwajua watu wa Dunmere kwa yale waliyoyabakiza sahanini. Miaka thelathini na mmoja alipika katika shule ya mji ule mdogo wa Iowa, na karibu kila mtu asiyefika miaka hamsini alikuwa amepita mbele ya upawa wake. Alijua nani alificha njegere ndani ya pakiti ya maziwa, nani alirudi foleni mara mbili siku ya maharage na mikate ya mdalasini, na nani alikula mbiombio kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu. Hakuwahi kumsema mtu kwa hayo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyatumia zaidi kuuliza kama mtu ameshiba.

Ndiyo maana watu walishangaa kusikia kwamba mwaka ule, akiwa na miaka sabini na mmoja, amekubali kuwa nahodha wa kundi la gavana mmoja aliyewania urais.

Chama chao wakati huo hakikumchagua mgombea wa urais kwa kutumbukiza karatasi sandukuni. Wanachama walikutana jioni moja ya majira ya baridi, kila kata mahali pake, na kila mtu akaenda kusimama kwenye kona ya mgombea anayemtaka, mbele ya macho ya jirani yake, mchungaji wake na shemeji yake. Kisha wakahesabiwa vichwa. Kundi lisilofika asilimia kumi na tano lilihesabiwa limekufa, isipokuwa lijiongezee watu kabla ya hesabu ya pili, na waliokuwa katika makundi hayo waliruhusiwa kufuatwa na kubembelezwa na yeyote. Kura ya siri humwezesha mtu kumdanganya rafiki yake na bado akalala fofofo. Ile ya Dunmere ilipigwa kwa miguu, na miguu kila mtu anaiona.

Arlys aliyajua hayo kuliko wengi. Miaka minane nyuma, rafiki yake Verla Hinrichs, karani wa posta aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa nahodha wa mgombea ambaye hakuna aliyemsikia, profesa mmoja wa historia. Verla alipiga simu miezi mitatu. Alihitaji watu kumi na tisa, akawapata, na Arlys akiwa miongoni mwao, kwa ahadi aliyoitoa mwenyewe jikoni kwake. Walipokuwa wamesimama tayari kuhesabiwa, Duane, mume wa Arlys, akapaza sauti kutoka kona ya pili ya ukumbi: "Arlys! Acha mchezo huo, njoo huku." Watu wakacheka kidogo. Arlys akaenda. Ukumbi mzima ukamtazama akivuka mistari ya uwanja wa mpira wa kikapu, na Verla akabaki na watu kumi na wanane.

Tangu siku hiyo Verla alimsalimia kanisani kama mtu anavyomsalimia mkusanya kodi. Duane alipofariki, bakuli la viazi na nyama liliachwa jikoni mwa kanisa bila jina, lakini Arlys alilijua kwa ule ukingo wake uliomeguka. Aliliosha, akalirudisha mlangoni kwa Verla, naye bila neno. Hivyo ndivyo wanawake wawili wazima walivyoishi, nyumba nne tu katikati yao, na mtu akiniuliza mimi nitasema ni aibu.

Jioni ile ya mkutano theluji ilikuwa imefika magotini. Arlys aliingia ukumbi wa michezo wa shule akiwa na trei nne za mikate ya mdalasini, akazipanga kwenye meza chini ya picha ya gavana, kando ya meza za wagombea wengine, seneta na wakili wakiwemo. Harufu ikafanya kazi yake. Wa kwanza kufika alikuwa Merle Brandhorst, mfugaji wa nguruwe, ambaye kila uchaguzi hujitangaza kuwa hajaamua, ili ale kwenye kila kona.

"Gavana wako si mbaya," alisema, mdomo umejaa. "Ila ana sura ya mtu anayeogopa matope."

"Wewe Merle, unachagua rais au unatafuta mtu wa kukusaidia zizini?"

"Ningepata mmoja wa kazi zote mbili ningeshukuru. Seneta walau anajua bei ya mahindi."

"Kuijua bei siyo kuipandisha."

"Basi yule wakili. Kijana, anaongea vizuri."

"Hata redio inaongea vizuri," Arlys alisema. "Imekujengea nini?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na Merle akachukua mkate wa pili kujifariji. Mwalimu wa kemia, nahodha wa seneta, akadakia kutoka meza ya jirani kwamba mambo ya moyo ni mazuri lakini mwisho wa yote ni nani anaweza kushinda. Mwingine akamuuliza ameyaota wapi hayo. Mabishano yakaendelea hivyo, ya kutaniana zaidi kuliko kugombana, kwa sababu kesho yake watu walewale wangesukumana magari yaliyokwama kwenye theluji.

Mwenyekiti wa mkutano, Curt Renner, yule wa njegere na pakiti ya maziwa, akatangaza waliohudhuria ni watu mia moja thelathini na mmoja. Kundi lolote lilihitaji ishirini. Kila nahodha akapewa dakika moja ya kuhutubia. Arlys alisoma kadi yake, akapotea mstari wa tatu, akasema, "Basi ndiyo hivyo, na mikate bado ipo," akakaa chini huku masikio yanamwaka moto.

Hesabu ya kwanza ikatoka. Seneta sitini na wanne. Wakili thelathini na wanne. Gavana kumi na wanne. Meya wa mji fulani mdogo, kumi na mmoja. Wasioamua, wanane. Nahodha wa meya alikuwa Verla. Alikuwa na kipaji cha kupenda wanaoshindwa, na hakuwahi kuomba radhi kwa hilo.

"Mna dakika thelathini za kuhama," Curt alisema.

Ukumbi ukachangamka kama mnada wa ng'ombe. Arlys hakujua kubembeleza, ila alijua watu wake. Alimfuata binti aliyekuwa akila haraka haraka enzi zile, sasa mama wa watoto watatu, akamwambia tu, "Njoo, mwanangu," akaja. Wawili wa Verla wakaja na mume wa mmoja wao. Mwisho Merle, akiwa ameshazunguka meza zote, akarudi akijifuta vidole.

"Nimekula minne kwako," alisema. "Nikienda kwingine nitaonekana sina adabu. Nitasimama, lakini usinihutubie."

"Uliisikia hotuba yangu. Sina nyingine."

Kumi na tisa. Arlys akahesabu tena, wakabaki walewale kumi na tisa. Wengine wote walikwisha kuhama, isipokuwa mtu mmoja aliyekaa peke yake kwenye mabenchi ya watazamaji, koti la kijivu limefungwa hadi shingoni, glavu mapajani, kama mtu anayengoja kuondoka. Zilibaki dakika nane.

"Nenda wewe, Merle."

"Mimi? Verla hanipendi tangu nilipompelekea posta kifurushi kinachonuka. Wewe ndiye nahodha."

Arlys akavuka uwanja. Ilikuwa mistari ileile, na safari hii pia aliona ukumbi mzima unamtazama. Alimwomba Mungu Verla aangalie pembeni, lakini Verla alimkazia macho hatua zote.

"Verla."

"Arlys."

"Naweza kukaa?"

"Benchi ni la shule."

Akakaa. Maneno ya miaka minane yakamjia yote kwa pamoja. "Verla, ule mwaka wa profesa..."

"Usithubutu." Verla hakupandisha sauti. "Umenipita dukani, kanisani, posta. Leo umepungukiwa na mtu mmoja ndiyo umekumbuka? Niombe radhi sasa hivi, Arlys, na nitavaa glavu zangu niende nyumbani."

Mwenzake alikuwa na haki, hilo ndilo lililouma zaidi. Radhi ya dakika ile ingekuwa chambo, hata kama kila neno lake ni la kweli.

"Basi siombi," alisema. "Nitakwambia habari za gavana."

"Hiyo ndiyo kazi yako leo. Sema."

"Sijui kuhutubu."

"Nilikusikia."

Arlys akatazama mikono yake. "Duane alipoanguka, gari la wagonjwa lilitupeleka maili hamsini na tatu. Alikuwa anaongea. Akaniuliza kama nimezima jiko. Nikamwambia nimezima, ingawa sikukumbuka. Maili ya arobaini akanyamaza. Tulibakiza kumi na tatu. Ile hospitali yetu ya zamani iko maili sita kutoka mlangoni kwangu, Verla, na tangu ifungwe wanaweka humo viti vibovu. Gavana ndiye pekee aliyekuja hapa akalizungumza hilo bila kusoma karatasi. Labda anadanganya. Lakini wale wengine hawakujisumbua hata kudanganya."

Verla akageuka kumtazama. "Jiko lilikuwa limezimwa?"

"Lilikuwa limezimwa."

"Meya wangu alikuwa na mpango mzuri zaidi wa shule."

"Najua. Niliusoma."

"Uliusoma?"

"Kurasa zote kumi na mbili. Ukurasa wa tisa anataka watoto wote wale bure. Nilikaribia kumhama gavana."

Kitu kilitikisika usoni mwa Verla, kikatulia. "Rudi kwa watu wako," alisema. "Unanizibia mwanga."

Arlys akarudi mikono mitupu. Merle akamuuliza vipi, akajibu hajui. Alimwona Verla akisimama, akivaa glavu moja, halafu ya pili, taratibu, akianza kwenda mlangoni. Basi, Arlys akajiambia. Zile maili zitabaki vilevile. Akageuka kuwatazama wenzake kumi na wanane, akafikiri namna ya kuwashukuru.

"Sogea, Merle," sauti ikasema nyuma. "Unanuka nguruwe."

"Ndio wanaonilisha, Verla."

Curt akapita akimgusa kila mmoja begani, akihesabu kwa sauti, na alipofika kwenye koti la kijivu akasema ishirini. Kona ya gavana ikalipuka kwa makofi. Kundi likahesabiwa hai, likapata mjumbe mmoja wa kwenda mkutano wa wilaya. Mmoja tu, na watu walikumbatiana kama wameshinda Ikulu yenyewe. Verla hakupiga makofi. Alitazama mbele.

"Nimekuja kwa ajili ya zile maili kumi na tatu," alisema. "Sikuja kwa ajili yako."

"Nimesikia."

Curt alipofunga mkutano, Arlys alikuwa akipeana mikono na watu ambao majina yao yalimtoka yote, kwa sababu jicho lake lilikuwa kwenye koti la kijivu linalotoka mlangoni. Akaacha mazungumzo katikati. Akachukua trei moja, hata hakujua kwa nini, akatoka nje bila kofia.

Verla alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake. Arlys akaweka trei juu ya boneti, akatoa kadi yake ya maktaba, akaanza kukwangua upande wa pili. Kwa muda ilisikika ile krr krr tu.

"Watu wameshahesabiwa," Arlys alisema.

"Wameshahesabiwa."

"Sina tena ninachokitaka kwako."

"Huna." Verla akaacha kukwangua. "Haya. Sasa sema."

Arlys alidhani maneno yatakuwa mengi, lakini yalikuwa machache. "Duane hakuwa akinipiga, unajua. Alikuwa ananuna tu. Wiki nzima, mezani, kitandani, bila neno. Aliponiita mbele za watu niliiona wiki hiyo inakuja. Nikakuacha kwa kuogopa kununiwa wiki moja. Tangu hatua ya kwanza nilijua ni vibaya, na bado nikaendelea kutembea. Nisamehe, Verla."

Magari yalikuwa yakiondoka moja moja, taa zikiwapitia usoni. Verla akakung'uta barafu iliyoganda kwenye kikwangulio chake.

"Wiki moja," alisema mwishowe. "Na mimi nikakununia miaka minane."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaniacha ninune."

"Ndiyo."

Verla akavuta pumzi, ikatoka nyeupe hewani. Akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaondoa mkoba wake kwenye kiti. Kisha akatazama ile trei juu ya boneti.

"Merle amebakiza yoyote?"

"Miwili."

"Ingia nayo," alisema Verla.