Nilivyompumzisha Mama

Muuguzi aliweka vidole viwili juu ya mguu wa kushoto wa mama, akafumba macho. Alikuwa anatafuta mapigo ya damu. Kidole kidogo cha mguu huo kilikuwa kimegeuka cheusi kama mkaa, na mimi nilisimama mlangoni mwa chumba cha kliniki ya kisukari, Korogwe, nikiomba vidole vyake vikute kitu. Alivihamisha. Akavihamisha tena. Nilitaka kumuuliza kama kazi hii ameisomea au anabahatisha.

"Yapo," alisema mwishowe, "lakini hafifu sana."

Akachukua biro, akachora mstari kukatiza mguu juu kidogo ya vidole. "Weusi ukifika hapa, mlete siku hiyohiyo, msisubiri tarehe. Ukivuka tutazungumza habari za kukata mguu, si kidole." Kisha akanigeukia. "Bibi anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi yoyote, sista," nilijibu, tena kwa majivuno. "Nimempumzisha. Hata jembe nimelifungia stoo."

Kwetu Mkata, mama mwenye mtoto anayejiweza akionekana njiani na jembe begani, watu hawamsemi mama, wanamsema mtoto. Mimi nina karakana ya kuchomelea vyuma mjini Korogwe, na maneno ya watu siyawezi. Mama alipokutwa na kisukari nilipata sababu. Niliweka vibarua kwenye shamba lake la mihogo, mke wa mdogo wangu nikamwambia awe anamchotea maji, nami nikamnunulia mama kiti cha mito, akae barazani. Alikaa miaka miwili. Kila nikipita stendi nikisikia "mama yako siku hizi anakula pensheni", kifua kinanijaa.

Muuguzi aliweka biro chini. "Kwa hiyo vidonge ulimwachia, dawa nyingine ukaifungia stoo."

Nilikasirika. Binti mwenyewe ni rika la mwanangu wa kwanza. Lakini alieleza taratibu, akimtazama mama, si mimi. Sukari ikizidi kwenye damu, alisema, inachubua mishipa kwa ndani. Mwili unadhani umejeruhiwa, mishipa inavimba, inakakamaa, njia ya damu inazidi kuwa nyembamba. Mtu akifanya kazi, misuli inakula ile sukari, damu inapita kwa nguvu, mishipa inajifunza kutanuka, na ule uvimbe wa ndani unapungua. Anayekaa kutwa hapati msaada huo. "Kidonda tutakisafisha na dawa atakunywa," alisema, "lakini damu isipofika mguuni tunajisumbua bure."

Kutembea kulikatazwa hadi kidonda kifunge. Mazoezi yakawa ya kukaa: kunyoosha magoti, kuinua chupa za mchanga kwa mikono, asubuhi na jioni. Nilifunga karakana nikahamia Mkata. Mama alikuwa akihesabu kwa Kizigua, na mimi nikiinama kuangalia mstari. Muuguzi aliuchora upya kila tulipokwenda kliniki. Wiki ya kwanza weusi haukusogea. Wiki ya pili niliona kama umesogea, kisha nikaona haukusogea.

Wiki ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, nilitazama mguu nikakuta mstari haupo. Mama alikuwa akijitahidi kuukinga, lakini mtu anayetawadha mara tano kwa siku, biro itakaa wapi? Sasa sikujua weusi umefika wapi. Nilimpigia mama kelele. Mama yangu, mtu mzima, namfokea kwa kuosha miguu aende kusali. Nilipomaliza alisema tu, "Haya, twende."

Tulipata basi barabarani. Njia nzima nilitazama ule mguu, na kila basi liliposhusha abiria nilitamani nimsukume dereva nishike usukani mwenyewe. Pale Segera mama alinunua machungwa, akanimenyea moja. Nililishika mkononi hadi Korogwe.

Muuguzi aliweka vidole viwili juu ya mguu. Safari hii hakufumba macho. "Haya hapa," alisema, akaushika mkono wangu akauweka mahali pale. Niliyasikia, madogo, yanagonga. Alipopima, weusi ulikuwa umesimama palepale. Kidole walikiondoa baadaye, mguu ulibaki.

Kidonda kilipofunga tulianza kutembea, mama na viatu vya kufunika vidole, mimi pembeni yake, alfajiri, kwenye njia ya mashambani. Watu walisema. Mmoja aliuliza kama nimefilisika hata mama ameanza kutembea kwa miguu. Nilimjibu vibaya, mama akanivuta mkono.

Tulipompita nilimuuliza mama jambo lililokuwa linanikera: huo mguu alianza kuusikia vibaya lini?

"Ganzi ilianza mwaka ule wa kwanza," alisema, bila kupunguza mwendo. "Nikikanyaga moto nisingejua."

"Mama! Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unawaambia watu mama yako amepumzika. Ningekuaibisha vipi, mwanangu?"