Soja wa Hurlingham na picha yangu ya kitambulisho

Leo mzee wangu amenifunga mdomo mbele ya watu, na bado natembea nikitabasamu.

Yeye ni soja, mlinzi wa mlango, kwa ofisi fulani mtaa wa Hurlingham. Nilimpelekea chakula cha mchana, nikamwomba anipige picha nikishika kitambulisho changu.

"Ya nini?"

Nikamweleza. Kuna tovuti ya kubeti niliipenda kwa sababu unalipa na kripto, pesa ya mtandaoni, hakuna mtu anajua wewe ni nani. Leo nimeshinda. Sasa wanataka hiyo picha ndio wanilipe.

Akafungua droo yake, imejaa vitambulisho ambavyo wageni wanamwachia wakipanda ofisini.

"Mtu akiniachia hii, ameona uso wangu. Akishuka, ananipata hapa hapa. Hao wako umewaona wapi?"

Foleni yote ya wageni pale mlangoni ikacheka. Mimi, mtu wa kompyuta, nikarudisha kitambulisho mfukoni.

Nimefuta akaunti. Huo ushindi wakae nao.

Miaka yote kwa huo mlango, hajawahi kupoteza kitambulisho cha mtu hata kimoja.

Nyinyi mngetuma? Semeni ukweli.

Na ukipita Hurlingham uulizwe kitambulisho, toa bila kununa. Huyo ni babangu.