Aliyeniita Mama Leonsi

Mzee Gidabuday alinipa shikamoo.

Usicheke kwanza. Mzee yule alikuwa na umri wa baba yangu, pengine na zaidi. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane, natoka sokoni Babati na kitambaa cha pazia kwapani. Yeye alikuwa amekaa nje ya duka la pembejeo na fimbo yake, kama kawaida. Siku zote mimi ndiye niliyemwamkia, na yeye akishaitikia marahaba ananitania kwamba cherehani itanimaliza.

Siku hiyo alisimama. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Niligeuka nione anamwamkia nani. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

"Mzee, mbona hivyo tena?"

"Salama tu, mama. Sisi hatuna neno na serikali."

Nikajua kwisha habari yangu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, la sivyo hamtanielewa.

Manyara ilipofanywa mkoa mwaka 2002, Babati ikawa makao makuu. Watu wakamiminika pale kutoka kila upande. Makarani, mafundi ujenzi, wachuuzi, na matapeli nao hawakuchelewa. Na mimi nikashuka kwenye basi na cherehani yangu, nikapanga chumba mtaa wa Bagara, nikaweka kibao barazani: Fundi Otilia, Nguo za Kike na Kiume.

Kushona nilikuwa najua kweli. Ila mwajiri wangu alikuwa mwingine.

Ninyi mnatuita mashushushu. Sawa, iteni mnavyotaka. Ila futeni ile picha ya bastola na miwani myeusi. Kazi yangu ilikuwa kushona na kusikiliza, basi. Mtu ukimzungushia futi kiunoni anaongea kama amefunguliwa bomba, hadi leo sijajua ni kwa nini.

Mjini pale waliniita Mama Hope. Hope ni binti yangu, nilimwacha Tabora kwa dada yangu akisoma. Lakini Hope si mtoto wangu wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa Leonsi. Alifariki akiwa na miaka minne. Tabora nilikuwa Mama Leonsi kabla hajafa na baada ya kufa, hata Hope alipozaliwa watu hawakubadilisha, na mimi sikutaka wabadilishe. Siku napewa kazi ya Babati, bosi wangu, Mzee Cornel, aliniambia, "Huko utakuwa Mama Hope. Mama Leonsi anabaki kwenye faili."

Alisema hivyo huku anakunywa chai. Niliitikia "sawa, mzee", nikaenda chooni kulia.

Jirani yangu Bagara alikuwa Rosa, muuza chai na maandazi, mjane. Sote tulimwita Mama Praygod. Vyumba vyetu viligawanywa na ukuta mmoja mwembamba wa matofali. Chai yake ya kwanza ikichemka alfajiri, aligonga ukuta kwa mwiko mara tatu. Ko, ko, ko. Maana yake, njoo unywe kabla wateja hawajafika.

Nilikuwa sina ndugu mji ule. Sina mume, baba yake Hope alishaoa kwingine. Mtu akiishi kwa uongo kila siku anachoka mwili mzima, na mimi mapumziko yangu yalikuwa kile kikombe. Rosa alinisema, akanicheka nilivyokula andazi kwa kulichambua, akanipasha umbea wa soko zima. Yale mapigo matatu ya mwiko ndiyo yaliyonifanya niamke.

Sasa, nilichosikia.

Mkoa mpya unataka ofisi, ofisi zinataka viwanja. Watu wa upande wa Bonga wakaambiwa mashamba yao yanachukuliwa kwa kazi ya serikali. Sawa. Lakini viwanja vilipotoka, vikatoka na majina ya shemeji wa mkubwa, mpwa wa mkubwa, na jina la marehemu mmoja ambaye mimi mwenyewe nilimshonea suruali ya kuzikiwa. Mzee Gidabuday ndiye aliyenidokeza mwanzo kabisa, siku ameniletea koti nimwekee kiraka. Alikuwa na malisho kule.

Nikaandika yote. Kila mwezi nilikwenda Arusha, nikiaga kwamba nafuata vitambaa, nikampa Mzee Cornel karatasi mkononi. Jina lililojirudia kwenye karatasi zile lilikuwa la Bwana Anselm, mkubwa wa ofisi moja ambayo siitaji.

Wiki tatu baada ya karatasi ya mwisho, nikapewa shikamoo na mzee wa miaka sabini.

Kuanzia hapo mambo yakawa ya ajabu. Wateja wakapungua. Waliokuja walipanua mikono niwapime, wakaanza kuisifu serikali. "Kwa kweli maendeleo tunayaona, mama. Barabara itakuja tu." Mwanamke mmoja aliyekuwa akilaani ofisi nzima kila akija kupunguziwa sketi alikaa kimya kama yuko kanisani. Nikifika kwenye foleni ya maji, wananipisha mbele. Nikisema, "Jamani, mie nasubiri zamu yangu," wanasema, "Hapana mama, wewe teka tu."

Nilikuwa nateka maji peke yangu, foleni nzima imenyamaza inanitazama mgongo. Heshima ya namna ile inauma kuliko kutukanwa. Anayekutukana angalau amekusogelea.

Nikakimbilia Arusha.

Mzee Cornel alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, mzee."

"Otilia. Fikiria. Nani yuko karibu na wewe?"

Jibu lilikuwa moja tu. Safari nzima ya kurudi, basi linatutingisha kwenye vumbi, nilikuwa najenga kesi. Rosa anaongea na soko zima. Rosa aliniuguza malaria siku tatu, na mimi nilikuwa naweweseka. Nani anajua niliropoka nini? Rosa ana birika, na kwenye birika ndiko maneno ya mji yanakopikwa. Tulipofika stendi nilikuwa nimeshamhukumu.

Nilimkuta anakanda unga. Sikukaa.

"Mama Praygod, umeniuza."

"Nimekuuza nini?"

"Usijifanye hujui. Mdomo wako huo. Nilikula kwako, nikalala mgonjwa mikononi mwako, kumbe unanichota maneno ukayatembeze sokoni."

Alinitazama. Nilitegemea matusi, maana Rosa kwa matusi alikuwa fundi kunizidi mimi na cherehani. Lakini alifuta unga mikononi taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Haya, Mama Hope," akasema.

Basi. Akarudi kwenye unga wake.

Kesho yake alfajiri nilikuwa macho nangoja. Nikasikia maji yanachemka upande wa pili. Nikasikia vikombe. Ukuta haukugongwa.

Siku kumi na sita nilikaa hivyo. Nilihesabu. Nilikuwa naamka, nakaa kitandani, nageuza sikio, halafu napika uji wangu na kuunywa nimesimama. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namtamani, vyote kwa pamoja. Jioni nilijikuta naongea na cherehani. Naiambia, leo hakuja mtu, tufunge.

Siku ya kumi na saba kulikuwa na uzinduzi wa banda jipya la soko. Ukitaka kujificha, nenda kwenye watu, ndivyo tulivyofundishwa, kwa hiyo nikaenda. Nikasimama na akina mama wengine, ambao walisogea kidogo kidogo mpaka nikabaki na nafasi yangu peke yangu. Bwana Anselm alikuja anapeana mikono na wananchi, suti ya kijivu, mikono ya koti mirefu, niliona mara moja kwamba aliyeishona alikosea.

Akanifikia. Akatabasamu kwa adabu zote.

"Hujambo, Mama Leonsi?"

"Sijambo, baba," nikajibu.

Ndugu zangu, nilijibu. Na nilijibu kwa furaha, hiyo ndiyo aibu yangu. Miaka miwili sikuwa nimesikia jina la mwanangu likitoka kinywani mwa mtu. Lilinipita kifuani kabla akili haijafika.

Akili ilipofika, yeye alikuwa ameshapeana mkono na mtu wa tatu mbele.

Mji mzima wananiita Mama Hope. Leonsi yuko mahali pawili tu duniani, kaburini Tabora na kwenye faili langu. Kwenye fomu, pale palipoandikwa "mtoto wa kwanza". Bwana Anselm alilisoma faili langu lote, na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, akafanya anachofanya kila mtu mwenye malezi. Mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Sidhani hata alijua amekosea. Adabu yake ndiyo iliyomkamatisha.

Aliyenitangaza mjini ni yeye, sio Rosa.

Hata siku za malaria hazikunipa nafasi ya kujitetea tena. Anayesikia mgonjwa akiweweseka anaambulia vipande, hapati habari kamili kwamba fundi ni mtu wa serikali. Habari hiyo inakaa kwenye karatasi.

Nilipanda basi kesho yake. Mzee Cornel nilimweleza nimesimama.

"Faili langu liko wapi, mzee?"

Akavua miwani.

"Liko wapi?"

"Liliombwa," akasema. "Watu wa juu. Niliambiwa ni la kusoma na kurudisha."

"Kabla hujaniuliza nimemwambia nani, au baada?"

Akaanza tena kufuta miwani. Nikaelewa. Alipokuwa ananiambia nifikirie nani yuko karibu na mimi, alishajua. Alinipa Rosa nimtafune ili yeye asitafunwe.

Baadaye gazeti moja likaandika kwa mafumbo juu ya "fundi wa serikali". Kelele zikawa nyingi, ikaundwa kamati ya watu watatu, wakaja, wakahoji, wakaondoka. Ripoti yao sijaiona hadi leo. Bwana Anselm alihamishwa, akaagwa kwa pilau. Mzee Gidabuday hakurudishiwa malisho yake. Mimi niliambiwa nifunge cherehani niondoke ndani ya siku tatu.

Siku ya pili nikapiga hodi kwa Rosa. Nilimwambia yote, kazi yangu, faili, uzinduzi. Nikamwambia, "Nimekukosea, Mama Praygod. Nisamehe."

Alikuwa anachagua mchele. Hakuacha.

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba wewe si fundi wa kawaida. Kila mwezi Arusha kufuata vitambaa. Kile kitenge cha maua ya njano kimekwenda Arusha na kurudi mara sita, mwenzangu. Mimi nafua nje, naona unachotoa kwenye mfuko." Akatupa chuya moja pembeni. "Na Leonsi najua. Ulimlilia siku tatu za homa. Sikuuliza. Nikasema, ataniambia mwenyewe siku akiwa tayari."

Nikaketi kwenye kigoda chake.

"Kwa nini hukujitetea siku ile?"

"Ningesemaje? Niseme sikukutangaza, na hapohapo nikiri nilikuwa najua? Ungeniamini?"

Nisingemwamini. Alijua na hilo pia.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila sitaweza tena. Kila nikikuwekea kikombe nitakuwa nawaza, huyu leo ananionaje."

Asubuhi ya kuondoka mizigo ilikuwa mlangoni. Nikasikia maji yake yanachemka. Nilingoja. Kisha nikaugonga ukuta mimi, kwa kiganja, mara tatu.

Upande wa pili nikasikia mwiko ukiwekwa mezani. Alikuwa amesimama pale, najua, hatua mbili kutoka kwangu, na tofali moja katikati.

Hakugonga. Mizigo yangu ikapakiwa.

Leo nimestaafu, niko Morogoro, nyumba ina kuta nene na majirani wananiita bibi. Nilichojifunza nakisema bila kuzunguka. Siri yako ikivuja, usianze na aliyekupa chai. Anza na aliyeshika karatasi. Na mkubwa akikwambia uchunguze marafiki zako, mwulize kwanza yeye alikuwa wapi. Mimi niliyefundishwa kusikiliza watu nilishindwa kumsikiliza mtu mmoja aliyenyamaza.

Mama Praygod, kama kuna mjukuu anakusomea hii, nina neno lako.

Leonsi alikuwa na pengo la jino la mbele. Alipenda kukaa chini ya cherehani yangu nikishona, anashika kanyagio, anasema anaendesha gari kwenda Mwanza. Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, mkono wake kwenye sikio langu.

Ulisema utangoja nikuambie mwenyewe. Nimekuambia.