Mbeetua ya Kwenye Kipara

Mbeetua iliyokauka ukiisugua kwa kiganja inanukia kama kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi. Ni nyasi ya mwituni, haikuwahi kupandwa na mtu. Kiangazi kizima hukaa kama imekufa, halafu mvua ikinyesha mara mbili tu inachipua tena kutoka shina lile lile la mwaka jana. Mbegu zake ni bapa, zina kingo kama meno ya msumeno, na zinang'ang'ania sketi mpaka uzing'oe moja moja. Nyumbani kwetu, kwenye mteremko ulio juu ya Kithimani, ilikuwa imejaa kwenye kipande kimoja ambacho plau haikuwahi kukigusa. Miaka ya tisini ikielekea kwisha, nilikijua kipande kile kuliko darasa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, nilichoka kuulizwa maswali ambayo mwalimu tayari alikuwa na majibu yake.

Januari moja, tukinywa chai, baba alitangaza kwamba kabla ya mvua za mwisho wa mwaka ataingiza maksai pale juu, apande mahindi. Nikamwambia asiguse. "Mwende, sisi tunakula ugali," alisema. "Hatuli nyasi." Susu, bibi yangu aliyemzaa baba, akauliza bila kuinua macho, "Na maziwa ya hiyo chai yametoka kwa ugali?" Baba alicheka, kisha akaninyooshea kidole. Chini ya boma palikuwa na kipara, ardhi nyekundu iliyokauka kama kigae, ambapo hata mbuzi hawakusimama. "Otesha nyasi zako pale. Mwezi wa tano ukifika nione kijani, nitaacha kule juu. Nisipoona, nalima." Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mimi na susu tulipukusa mbegu wiki mbili, vidole vikatoka damu, tukajaza gunia zima. Tulikwangua kipara kwa jembe, tukafanya mifereji ya kuzuia maji, na mvua za Machi zilipokaribia nikamwaga zaidi ya nusu ya gunia. Juu yake tukalaza matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Mvua ilinyesha vizuri. Kila asubuhi nilipiga magoti nikachungulia chini ya miiba, na kila asubuhi ardhi ilikuwa nyekundu. Wanawake waliokwenda kuchota maji walinisalimia, "Mwalimu wa nyasi, wanafunzi wamefika?" Nilijibu, "Wako njiani," nikiwa nimekunja uso. Mei ilifika. Baba alisimama kwenye kipara, akatazama, akarudi nyumbani. Agosti alilima kule juu. Nilikaa kwenye mteremko siku nzima, plau ikigeuza mashina yale mizizi juu, na nilikataa kupeleka uji wa walimaji.

Gunia lenye mbegu zilizobaki susu alikuwa ameliweka juu ya meko, kwenye moshi, pamoja na mbegu zake za mbaazi. Novemba nililichukua, nikamwaga zote kwenye kipara kile kile. Sikuwa na mkataba wowote tena. Nilikuwa na hasira tu. Siku ya tisa palikuwa na nywele za kijani, nyembamba, kila mahali. Ndipo nilipoelewa kosa letu. Tulizoea mahindi na maharagwe, mbegu ya msimu huu inayopandwa msimu ujao, tukadhani zote ni hivyo. Mbegu ya mbeetua haiamki ikiwa mbichi. Inataka ilale kwanza miezi mingi.

Lazima niseme ukweli: mwaka ule mahindi ya baba yalikubali. Mwaka wa pili yalikubali kidogo. Wa tatu maji yalibeba udongo, na ukame ukafuata. Asubuhi moja nilimkuta baba amemfunga ng'ombe wake kwenye kipara.

"Baba, ng'ombe anakula nini?"

"Anakula."

"Nauliza, anakula nini?"

"Mbeetua."

"Ya nani?"

"Yako," alisema, "na sasa nyamaza."

Siku hizi pale juu pana korongo linaloweza kumeza trekta, na baba mwenyewe anapita mbali nalo. Kipara, ambacho watoto wa ndugu zangu hawajui kwa nini kinaitwa kipara, kimejaa nyasi za kufika kiunoni. Mimi sijatulia mahali. Nimeuza mitumba Tala, nimepikia wavunja mawe Lukenya, na kila mji una mtu wa kuniuliza nitakaa lini. Mfukoni nina mbegu zilizolala mwaka mzima juu ya meko. Juzi, kwenye ukingo wa machimbo yaliyoachwa, mlinzi alinisimamisha na rungu lake. "Mama, unatafuta nini huku? Hakuna kitu hapa."

"Sitafuti," nilimwambia, nikaendelea kumwaga. "Rudi baada ya mvua."